Panchakarma: Detoksi inayoanza kwa samli, si kwa kukimbizana na choo

Fungua TikTok leo usiku. Kabla ya video ya tatu utakutana na msichana mwenye kiuno cha nyigu, kikombe mkononi. Atakuambia tumbo lako limejaa sumu, na kwamba kilo tano zinatoka kwa siku saba, bila mazoezi, bila kujinyima chapo. Halafu kamera inasogea karibu na pakiti, na pale chini kwa herufi za dhahabu kumeandikwa Ayurveda. Namba ya kutuma doo iko hapo hapo.

Hilo neno Ayurveda, Wakenya wengi wa rika langu tulilisikia sawasawa kwa mara ya kwanza tukiwa na huzuni. Oktoba 15, 2025, Raila Odinga alifariki Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo la Kerala, kusini mwa India, alikokuwa kwa matibabu. Alikuwa kwenye matembezi ya asubuhi moyo ukasimama. Familia yake iliujua mji huo kitambo. Binti yake Rosemary alitibiwa macho katika hospitali ya Ayurveda ya Sreedhareeyam huko huko, na Waziri Mkuu Narendra Modi akaisimulia habari hiyo kwenye kipindi chake cha redio Februari 2022. Wiki ile ya msiba, kwa magrupu ya WhatsApp swali lilikuwa moja: kwani huko Kerala hufanywa nini? Wengine walijibu kwa uhakika wa ajabu, ati ni masaji tu.

Makala haya hayahusu matibabu ya Baba. Hayo ni ya familia na madaktari wake. Nataka tuongee kuhusu kile kitu ambacho wauza chai wa mtandaoni wanajifanya wanatuuzia, kwa sababu kipo kweli, kina jina, kina utaratibu, na hakifanani hata kidogo na kile kikombe. Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha.

Jina lake ni panchakarma. Pancha hapa si ya tairi. Kwa Kisanskriti ni tano. Karma ni kitendo. Vitendo vitano vya kuusafisha mwili: kutapisha, ambako wao huita vamana, kuharisha, yaani virechana, kupitisha dawa ya maji au mafuta kwa njia ya haja kubwa, basti, kutia matone ya dawa puani, nasya, na kutoa damu, raktamokshana, wakati mwingine kwa kubandika ruba. Ndiyo, ruba wale wa mtoni.

Na vitabu vyenyewe vya kale havikubaliani kwa hesabu. Charaka Samhita, kilicho kitabu cha matabibu, kinaigawa basti mara mbili, ya dawa iliyochemshwa na ya mafuta, halafu damu hakiihesabu. Sushruta Samhita, ambacho ni cha wapasuaji, damu ndiyo yake. Hivi ni vitabu vya takriban miaka 2,000. Lakini angalia kitu kimoja. Ile picha ambayo kila hoteli ya kifahari huweka kwenye tangazo, mzungu amelala chali na uzi wa mafuta unamtiririkia kwenye paji la uso, haimo kwenye orodha yoyote ya hizo mbili. Inaitwa shirodhara. Ni tiba yao kweli, na wanaofanyiwa husema inatuliza, ila si mojawapo ya zile tano. Kutapika hakupendezi kwenye picha, nadhani ndiyo sababu.

Sasa twende kwa yale yasiyopigwa picha.

Mtu akienda kufanyiwa panchakarma ya kweli, siku ya kwanza hatoi chochote. Daktari, wanamwita vaidya, anamhoji: unalalaje, choo kikoje, ulimi una utando, unahisi njaa saa ngapi. India vaidya wa leo si mzee wa kichochoroni tu; kuna shahada inayoitwa BAMS, miaka mitano na nusu, mwaka mmoja wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini. Serikali yao ina wizara nzima ya tiba za aina hii, AYUSH, tangu Novemba 2014.

Baada ya mahojiano unapewa vitu vya kuamsha tumbo, kama tangawizi na pilipili manga. Halafu inakuja kazi ya kwanza ngumu: kunywa samli. Si kupaka kwenye chapati. Kunywa, asubuhi, tumbo likiwa tupu, samli iliyopikwa na dawa za miti shamba. Kesho kipimo kinaongezwa. Kesho kutwa tena. Inaweza kwenda siku tatu, inaweza kufika saba, mpaka mwili useme umetosheka: ngozi inang'aa mafuta, choo kinatoka na mafuta, na ile harufu ya samli peke yake inakuchefua. Hapo ndipo wanasimamisha. Kisha unakandwa kwa mafuta, mara nyingi ya simsim, na kuingizwa kwenye mvuke utoke jasho. Mvuke huo hautakushangaza kama umelelewa na nyanya aliyekufunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini.

Maana yake kwao ni hii: uchafu umeng'ang'ania ndani, kwa hiyo unaulainisha kwa mafuta, unauyeyusha kwa joto, unaurudisha tumboni, ndipo uutoe kwa njia iliyo karibu. Ukikubali au ukatae hiyo nadharia, angalau uone mpangilio wake. Wiki nzima imepita na bado hujatapika.

Siku ya vamana yenyewe ni kama operesheni ndogo. Usiku wa kuamkia unalishwa maziwa, mtindi, vitu vya kuongeza ute, ule wanaouita kapha. Asubuhi mapema unakalishwa kwenye kiti, unakunywa maziwa au maji ya muwa hadi hapa kooni, unalambishwa dawa ya tunda liitwalo madanaphala iliyochanganywa na asali. Kisha unangoja. Mtu amekushika paji la uso, mwingine anakusugua mgongo, na vaidya anahesabu. Si mzaha, wanahesabu: mikupuo minne ni usafishaji mdogo, sita wa wastani, nane ndio kamili. Mwisho unajulikana nyongo ikitokea. Mapigo ya moyo na presha vinapimwa. Virechana nayo ina hesabu yake, 10, 20 au 30 za kwenda msalani, na dawa inaweza kuwa mafuta ya mbarika, yale yale ambayo wazazi wetu walikimbizwa nayo walipokuwa watoto.

Na baada ya hapo? Baada ya hapo ndio sehemu ninayoipenda, kwa sababu hakuna video hata moja ya TikTok inayoitaja. Unarudishwa kwenye chakula kama mtoto mchanga. Mlo wa kwanza ni uji mwepesi wa mchele, karibu maji matupu. Halafu uji mzito. Halafu supu ya pojo bila vikolezo, kisha yenye chumvi kidogo. Halafu wali. Siku tatu, tano, hadi saba, kulingana na ulivyosafishwa. Katika muda huo pia umekatazwa mambo manane: kuongea kwa sauti kubwa, kurushwarushwa kwenye chombo cha usafiri, kutembea sana, kukaa mahali pamoja muda mrefu, kula juu ya chakula ambacho hakijasagika, kula visivyofaa, kulala mchana, na mapenzi. Hiyo ya kurushwarushwa ilinichekesha. Fikiria umetoka kutapishwa halafu unapanda matatu ya Rongai.

Ukijumlisha yote unapata wiki mbili, tatu, hata nne. Msee wa kibarua, analipwa kwa siku, atazitoa wapi? Kwa hiyo ukiona mtu anauza panchakarma ya wikendi, au panchakarma ya kikombe, jua kwanza hesabu haiingii.

Kuna neno moja ambalo nadhani ndilo kiini cha vurugu yote. Ile sumu ambayo matangazo yanasema umeibeba, kwa Ayurveda inaitwa ama. Na ama maana yake si sumu. Maana yake ni -bichi, kitu ambacho hakijaiva. Kwao tumbo ni jiko. Kuna moto, agni, na chakula kinapikwa mara ya pili ndani yako. Moto ukiwa hafifu, chakula kinabaki nusu mbichi, kinanata, kinaziba. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya tabibu ni kuliwasha jiko. Mara nyingi anaishia hapo hapo: tangawizi, kupunguza mlo, kungoja njaa ya kweli. Kutapisha na kuharisha ni kwa mwenye shida kubwa na nguvu za kutosha kuvumilia.

Wauza chai walichofanya ni kuchukua neno lenye maana ya ubichi, wakalitafsiri kuwa sumu, halafu kati ya safari ya wiki tatu wakakata kipande kimoja cha katikati, kuharisha, wakakiweka kwenye pakiti. Hakuna samli. Hakuna uji. Hakuna anayehesabu.

Geuza pakiti usome. Nyingi za chai hizi za kupunguza tumbo zina kitu kinaitwa senna; wakati mwingine wanaandika kwa Kilatini, Senna alexandrina au Cassia angustifolia, ili usishtuke. Watu wa pwani wanaijua vizuri tu. Ni sanamaki. Mzee yeyote wa Mji wa Kale, Mombasa, atakuambia sanamaki ni haluli, unakunywa mara moja ukiwa umefunga choo, halafu unakaa karibu na nyumbani. Hakuna mzee aliyewahi kuiita chai ya urembo.

Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Lakini chakula kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, ambao unatangulia. Maana yake, chai inapoanza kukusukuma, zile kalori za chipo mwitu zilishaingia mwilini kitambo. Kinachotoka ni maji na mavi. Ndio unapima asubuhi unaona umepungua, unapiga picha, unakunywa maji lita moja, na uzito umerudi. Hakuna mafuta yaliyotoka. Hata kidogo.

Yanayotoka na maji ndiyo ya kuogopa. Madini ya potasiamu, ambayo misuli na moyo vinayahitaji, yanashuka ukiharisha kila siku. Unaanza kuhisi miguu mizito, moyo unaruka pigo, kizunguzungu ukisimama. Haluli ya aina hii ni ya siku chache tu, kwa mwenye kufunga choo. Kuna wasichana wanakunywa miezi mitatu mfululizo.

Na hili halisemwi popote, kwa hiyo nalisema kwa herufi za kawaida kabisa: kama unatumia vidonge vya kila siku vya kuzuia mimba, kutapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza ni kama hukumeza, na kuharisha vibaya kwa zaidi ya saa 24 kunahesabiwa kama umeruka vidonge. Muulize mhudumu wa kliniki au duka la dawa. Usimuulize mwenye chai.

Turudi Kerala. Je, panchakarma yenyewe, ile ya kweli na vaidya na samli, inafanya kazi?

Inategemea unauliza nini. Wanaotoka huko husema wanalala vizuri, viungo vimelegea, akili imetulia. Naamini. Wiki tatu bila pombe, bila simu usiku, mtu anakukanda mafuta na kukupikia uji, hata mimi ningetoka mtu mpya. Mwaka 2016 utafiti mmoja wa Marekani uliangalia watu 119 wenye afya, wengine wakifuata programu fupi iliyojengwa juu ya panchakarma na wengine wakipumzika tu, na ukaona baadhi ya kemikali za damu zilibadilika kwa kundi la kwanza. Sawa. Lakini hao watu pia walikuwa wakila mboga tu, wakitafakari na kufanya yoga. Kilichofanya kazi ni kipi? Na kemikali kubadilika si sawa na sumu kutoka. Hakuna aliyewahi kuonyesha wazi kwamba kutapishwa kunafanya kazi ambayo ini na figo zako hazifanyi tayari, bure, ukiwa umelala. Wanaoumwa mgongo au baridi yabisi nao wamefanyiwa tafiti, nyingi ndogo ndogo, na matokeo yake yanachanganyika.

Halafu kuna lile ambalo linachekesha kwa uchungu. Ndani ya Ayurveda lipo tawi linaloitwa rasa shastra, ambalo hutumia madini makusudi, zebaki ikiwemo, yakiwa yamechomwa na kusagwa kwa utaratibu wao. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya mji ule. Kati ya hizo, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2012 kukatolewa ripoti ya wajawazito sita wa New York waliokutwa na risasi nyingi kwenye damu. Wote walikuwa wakitumia dawa za Ayurveda kutoka India. Risasi hupita kwa mtoto tumboni. Unanunua kitu cha kutoa sumu, kinakuletea.

Sisemi kila kopo ni baya. Nasema kopo lisilo na jina la kiwanda, lisilo na orodha ya vilivyomo, lililoletwa na mtu wa boda kutoka kwa mtu wa Instagram, huna njia ya kulijua. Hapa Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala, na Bodi ya Famasia na Sumu, ile PPB, ndiyo inayosajili bidhaa za mitishamba. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kukutumia emoji za kucheka, umepata jibu.

Kwa kliniki, maswali ni ya kawaida tu. Nani ataniangalia, alisomea wapi, cheti kiko wapi? Kabla ya kunitapisha, presha yangu itapimwa? Nikizimia, hospitali ya karibu ni ipi? Dawa ninazotumia sasa, za presha, za pumu, za kisukari, ARV, nitaendelea nazo? Kama jibu la hilo la mwisho ni uache, ondoka. Usimalize hata chai waliyokuwekea. Na kuna watu ambao hata vile vitabu vya kale viliwakataza kutapishwa: mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyekonda sana, aliyechoka. Wazee wa miaka 2,000 iliyopita walikuwa na orodha ndefu ya wasiofaa. Tangazo la TikTok halina hata mmoja. Kwake kila mwenye tumbo ni mteja. Mimi kwenye orodha ile ningeongeza yeyote ambaye tayari ana vita na chakula, anayejitapisha kwa siri baada ya kula. Kwake hii si tiba, ni ugonjwa umepewa jina la kuvutia. Akipata mtu wa kuongea naye, hiyo ndiyo dawa ya kuanzia.

Mtu ataniuliza, sasa Wahindi wa kawaida, wasio na pesa za kulala hospitali ya Ayurveda, wanafanyaje? Hapo ndipo Kerala ilinifurahisha. Kuna mwezi kwenye kalenda yao ya Kimalayalam unaitwa Karkidakam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Mvua inanyesha bila huruma, kazi za shamba zimesimama, homa ziko kila nyumba, na zamani chakula kilikuwa haba. Ndio mwezi wanaouchukua kuwa wa kuuangalia mwili. Wenye uwezo huenda kukandwa. Walio wengi hupika uji nyumbani, karkidaka kanji: mchele wa njavara, uwatu, bizari nyembamba, tui la nazi, na majani na mizizi ambayo kila mama ana orodha yake. Wengine hununua vifurushi vilivyokwisha kuchanganywa dukani siku hizi. Nyama inawekwa kando. Uji unanywewa ukiwa moto, siku saba, 14 au 21, mvua ikigonga paa, na baada ya kunywa watu wanalala.